Geji ya Maji, Jumamosi ya Nungunungu

Mimi mpira siutazami. Nausoma kwenye geji.
Sindano ikitulia tuli kwenye sitini,
Nungunungu wanashambulia: mji mzima umebana mkojo.
Ikiporomoka ghafla hadi arubaini na moja,
ni mapumziko, na watu elfu themanini
wamevuta mnyororo wa choo kwa pamoja,
umoja ambao makanisa yetu kumi na moja
hayajawahi kuupata.

Huu ndio mji wa Wahlstrom, Nebraska,
wenye mabomba ya enzi za babu yangu
na chuo chenye skrini ya uwanjani
ndefu kuliko shule ya msingi.
Miaka mitatu nimeandika barua, naomba vali moja.
Mwaka wa kwanza: subiri bajeti.
Wa pili: barua yako haionekani.
Wa tatu wakanijibu kwa tiketi mbili,
viti vya juu kabisa, nyuma ya nguzo.

Kocha Vandermolen kafukuzwa Jumatatu.
Kapoteza mechi saba, aibu tupu,
kwa hiyo atalipwa milioni kumi na moja
aende zake akavue samaki.
Nikamwendea bosi wangu, Bwana Pruss, kofia mkononi:
Nami nimeharibu kazi, mashahidi ninao.
Mwezi wa Machi nilifurikisha maktaba.
Nifukuze kwa heshima ileile.
Akanipa fagio.

Kazi mbaya si mchezo mwema, husema
wasiojua makocha hulipwaje.

Nyumbani nako ni ligi.
Kijana wangu Corliss, miaka kumi na miwili,
katangaza mezani, mdomo umejaa viazi, kwamba anahama.
Ndiyo desturi siku hizi, anasema,
mchezaji halazimiki kubaki timu inayoshindwa.
Akina Brandvold, nyumba ya pili kutoka kona,
wamemwahidi chumba chake mwenyewe
na nyama ya kuoka kila Alhamisi.
Mama yake akaomba dakika moja ya mashauriano.
Tukanong'ona jikoni, mikono mdomoni,
tukarudi na ofa: mbwa.
Bado anafikiria.

Mama mkwe hajaniona kazini hata siku moja,
ila kila Jumapili huwapanga wakwe zake kwa ubora.
Wiki hii mimi ni wa nne.
Tuko watatu.

Basi Jumamosi hii, robo ya mwisho,
sindano ikaanguka pasipo mapumziko.
Nikajua huo si mkojo. Bomba limepasuka Mtaa wa Nane.
Tukaenda mimi na Delphine Tuxhorn, majembe mawili,
maana tingatinga letu limeazimwa kubeba kamera.
Novemba, udongo umekaza kama roho ya mhasibu.
Tulihitaji yadi kumi.

Mara ya kwanza, yadi tatu na mzizi.
Mara ya pili tukakuta nyaya za simu,
tukarudi nyuma mbili.
Mara ya tatu Delphine akateleza, akaniangukia kwa bega,
nikatazama huku na huku
labda yupo wa kurusha kitambaa cha njano.
Hayupo. Hakuna aliyerudia tukio polepole
ili Wahlstrom wote wauone mguu wangu ukipinda.
Wala hakuna aliyetukimbilia na chupa ya maji,
ingawa kusema kweli tulikuwa tumesimama ndani yake,
magotini.

Mara ya nne tukalifikia.

Papo hapo ng'ambo ya uwanja kukalipuka:
mzinga, matarumbeta, vifijo vya kupasua anga.
Delphine akainua jembe, akapunga.
Nami nikapunga.
Kwani kelele zimeandikwa jina la mtu?

Bibi Ottilie Kruse akafungua mlango wake,
fulana ya Nungunungu juu ya gauni la kulalia.
"Tumeshinda!"
"Ngapi kwa ngapi?" Delphine akauliza.
"Sijui, mwanangu, nimeshindwa hata kukaa kwenye kiti.
Nimebana tangu robo ya pili.
Hayo maji yanarudi saa ngapi?"